Prosesa Iliyo Chumbani kwa Baba Mkwe

Jumamosi, Nyaramba. Mvua ilianza tulipomaliza chakula cha mchana, kama kawaida ya huku, na sasa ni jioni na bado inanyesha, ile mvua ya polepole isiyo na haraka ya kwisha. Niko katika nyumba ndogo ya Evans, chini kidogo ya nyumba ya wazazi wake. Nimekaa karibu na dirisha kwa sababu hapo ndipo mtandao unaposhika.

Nina furaha na nina woga. Nataka kuandika kabla havijachanganyika nikashindwa kujua kipi ni kipi.

Kwa anayesoma ukurasa huu mara ya kwanza: mimi ni Mghoi, mzaliwa wa Voi. Nafanya kazi Kisii mjini katika ofisi ndogo inayohudumia kompyuta za maduka, shule na zahanati. Evans ni mume wangu, na hapa ni kwao. Yeye yuko Nakuru kikazi, kwa hiyo wikendi hii nimekuja peke yangu kuwaona wazazi wake. Baba yake alifundisha Kiswahili mpaka akastaafu, na majirani bado wanamwita Mwalimu. Mimi namwita tata, yaani baba, kama wanavyoita wenyewe huku.

Tata alianguka shambani. Aliteleza kwenye mteremko wa chai, nyonga ikavunjika, akafanyiwa upasuaji. Mfupa umeunga vizuri. Daktari alisema kilichobaki ni kutembea tu: akapewa fremu ya chuma ya kushikilia, akaambiwa kila siku ainuke, aende kidogo, arudi. Akikaa kitandani miezi hii, alisema daktari, asitegemee kutembea tena.

Na mwanzoni alitembea. Alitembea kwa ajili ya kompyuta.

Ni kompyuta ya mezani, ya zamani, inayoendeshwa na mfumo wa Linux aliowekewa na mpwa wake miaka mingi iliyopita. Tata alipotoka hospitalini, skrini na kibodi viliwekwa kwenye meza ndogo kando ya kitanda, nyaya zikaongezwa urefu. Lakini lile sanduku lenyewe, pamoja na redio yake ya kaseti, vilibaki dirishani, ng'ambo ya chumba. Kila alipotaka kuwasha mashine au kugeuza kanda, ilimbidi ashike fremu aende mpaka dirishani. Daktari mwenyewe asingebuni zoezi zuri kuliko hilo.

Kanda ni za marehemu kaka yake. Huyo kaka alikuwa mpiga obokano, kile kinubi kikubwa cha Wagusii kinachonguruma mpaka unahisi kifuani, na alipiga kwenye harusi za Nyamira nzima. Hakuna aliyemrekodi kwa ustadi. Kuna kaseti tu, zilizorekodiwa katikati ya vigelegele na mbwa, na zimechakaa. Tata anazihamishia kwenye kompyuta moja moja na kujaribu kuondoa ule mvumo ili abaki na kaka yake peke yake. Mwezi uliopita alitaka programu mpya ya kusafisha sauti. Programu ikakataa. Ilitaka mfumo wa biti 64, na mfumo wa tata ni wa biti 32, mdogo kuliko huo.

Akaitwa fundi. Fundi akaandika amri moja, akatikisa kichwa, akasema prosesa yenyewe, yaani ubongo wa mashine, ni ya kizamani, ya biti 32, haina dawa. Akashauri sanduku liuzwe kama chuma chakavu.

Siku hiyohiyo tata alimwomba Mama, mkewe, aifunike mashine kwa kitambaa cha kochi na azirudishe kaseti kwenye katoni. Tangu hapo hajaigusa fremu. Mama akimwambia ainuke, anasema ataenda wapi.

Evans ameahidi kumnunulia kompyuta nyingine mambo yakiwa mazuri. Tata alimshukuru kwa adabu zote, kisha akageukia ukuta.

Basi hiyo ndiyo hali niliyoikuta. Na mimi, niwe mkweli, sikuja na huruma peke yake. Nilikuja na udadisi unaoniwasha kama upupu. Fundi aliandika amri gani? Tangu Evans aliponisimulia kwa simu, swali hilo halijaniacha. Nilikuwa nikihudumia mteja dukani, nawaza. Nilikuwa nikipika, nawaza. Maana kuna amri inayokuambia habari za prosesa, na kuna amri inayokuambia habari za mfumo uliowekwa juu yake, na mtu mwenye haraka anaweza kuchukua jibu la moja akadhani ni la nyingine.

Sanduku lenyewe halisemi kitu. Mama aliniambia kibandiko cha mbele kilibanduka zamani, imebaki alama ya gundi.

Ningeingia tu chumbani, nikaandika herufi chache, nikatoka na jibu. Wanaojua mambo ya huku wameshacheka.

Huku kuna kitu kinaitwa chinsoni. Ni heshima na ni haya, vyote pamoja. Mke wa mwana haingii chumba anacholala baba mkwe wake, na baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hapa nilipokaa sasa, nyumba hii ya Evans, tata hajawahi kukanyaga tangu nilipoolewa. Kuna familia siku hizi zisizojali. Hii inajali, na katika nyumba hii imezidi kidogo: mimi na tata hata kuzungumza tunazungumza kwa kupitia kwa Mama. Akiwa sebuleni nami niko hapohapo, atasema, "Mwambie mke wa Evans chai ilikuwa nzuri." Mama ananigeukia, ananiambia chai ilikuwa nzuri. Nami namshukuru Mama.

Mwaka wa kwanza nilikuwa nacheka nikiwa peke yangu. Nyumbani kwetu Voi hatukuwa na pazia la namna hiyo. Baadaye nikazoea, na baadaye zaidi nikaona kuna upole ndani yake. Sasa hivi, kwa mfano, tata amelala kitandani na suruali ya kulalia, hajanyoa, amekonda. Ni mtu aliyekuwa akipiga pasi shati la kwenda sokoni. Hataki mke wa mwanawe amwone hivyo, na mila inamlinda bila yeye kulazimika kusema.

Lakini leo asubuhi, Mama akiwa bado kwenye kituo cha kuuzia chai, nilisimama mbele ya pazia la mlango wa chumba cha tata na nikalitazama kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Prosesa ilikuwa hapo, upande wa pili. Tata nilimsikia anakohoa. Nikarudi nikakaa.

Mama aliporudi, tulipokwisha kula mchana, nikamwomba tulitoe sanduku, tuliweke sebuleni, nilitazame. Akaingia kuuliza. Jibu lilikuwa fupi: hapana. Mashine hiyo ilishawahi kutoka chumbani kwenda kwa fundi mwingine, ikarudi ikiwa na kasoro ambazo haikuondoka nazo. Ikitoka tena, alisema tata, haitarudi.

Hapo ndipo nilipokumbuka uzuri wa Linux. Amri zake ni maneno. Huhitaji kumwonyesha mtu kwa kidole, bonyeza hapa, sasa hapa, hapana, kile cha kijani. Neno unaweza kulitamka, na likitamkwa linapita kwenye pazia.

Nikaburuta kiti, nikakiweka karibu na mlango wa chumba, mgongo wangu ukielekea pazia ili hata likipepea nisione kitu. Mama akasimama katikati, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Akatoa kile kitambaa, akawasha mashine.

Nikamwambia, "Mama, muulize kwanza kama anakumbuka ni CPU gani."

Akauliza kwa Ekegusii. Akarudi.

"Anasema ni ile nyeusi."

Nilikuwa nimesahau kwamba Kenya nzima inaliita sanduku lote CPU. Kosa langu. Nikaeleza kwamba natafuta kitu kidogo kilicho ndani, ukubwa wa biskuti, kinachofanya hesabu zote. Mama akaeleza humo ndani, kwa kirefu, na sijui alieleza nini maana nilisikia neno biskuti mara nyingi. Kisha nikamwambia amwambie afungue dirisha la amri, lile jeusi, aandike lscpu. Nikataja herufi moja moja. Mama akazibeba. Zilipofika kule zilikuwa zimepungua.

Tukarudia. Tata akauliza kitu, Mama akanijia nacho. Nikajibu, akampelekea. Harufu ya maharagwe yanayoanza kushika chini ikaingia sebuleni, na hapo subira ya Mama ikakatika.

"Mimi hii maneno yenu siwezi kubeba," akasema. "Niko na maharagwe kwa moto. Ongeeni nyinyi wenyewe. Hakuna mtu atakufa."

Akaenda zake jikoni, ambako ni jengo la nje, na mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati. Tukabaki mimi na tata na pazia.

Nilihisi masikio yamepata joto, mtu mzima mimi. Mwishowe sauti ikaja kutoka ndani, ya mtu anayesafisha koo mbele ya darasa.

"Nimeandika. Imekataa. Inasema amri haijulikani."

"Samahani tata, umeandikaje?"

"L kubwa, s, c, p, u, nukta."

Nilibana kicheko mpaka machozi yakanilenga. Mwalimu wa Kiswahili! Sentensi haianzi kwa herufi ndogo na haiishi bila nukta, na maisha yake yote amewachapia watoto wa watu kosa hilo. Nikamweleza kwamba huku amri zote huanza kwa herufi ndogo na haziwekewi nukta.

"Hata mwishoni?"

"Hata mwishoni, tata."

"Haya," akasema, na nilisikia kwamba imemuuma.

Vibonye vikalia. Kisha akasema yametokea mengi, yamejaa ukurasa. Nikamwomba apande juu kabisa, asome kuanzia mstari wa kwanza.

Akasoma kwa sauti yake ile ya imla. "Architecture, nukta mbili, i, sita, nane, sita."



"Ndilo neno alilolisema fundi," akasema. "Hilohilo. i686. Alisema maana yake ni biti thelathini na mbili." Nikasikia kibodi ikisukumwa pembeni. "Ahsante kwa kujaribu. Mwambie Mama aje azime."

Hapo nikaogopa kweli. Nilikuwa nimekuja na udadisi wangu, nikamtoa mzee kwenye ukuta wake, nikamsomesha tena hukumu ileile kwa mdomo wake mwenyewe. Kama mistari ya chini ingesema vilevile, ningekuwa nimemzika mara ya pili. Nilijua neno hilo i686 halitoshi. Linataja mfumo unavyoendeshwa sasa, na mfumo wa biti 32 hujibu hivyo hata ukiwekwa kwenye prosesa kubwa. Lakini pia lingeweza kuwa kweli. Prosesa za biti 32 zipo, nimeziona, na sanduku la umri ule lingeweza kabisa kuwa na moja ndani.

Mila au si mila, nilishika ukingo wa kiti nikiwa tayari kuinuka. Ningeingia nisome mwenyewe. Badala yake nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Tata, mwanafunzi akijibu swali la kwanza vibaya, unaacha kusahihisha karatasi?"



Nilidhani nimevuka mpaka. Nikaanza kutunga namna ya kuomba radhi.

"Hapana," akasema polepole. "Siachi."

Kibodi ikarudishwa. Akasafisha koo tena.

"Mghoi," akasema.

Hajawahi kunitaja kwa jina. Sikujua hata kama analitamka sawa. Alilitamka sawa.

"Mghoi, mstari wa pili una majibu mawili. CPU op-mode, kuna s kwenye mabano, nukta mbili. Thelathini na mbili biti, mkato, sitini na nne biti."

"Rudia, tata."

Akarudia, mkato ukiwemo.

Nikainuka, nikakaa, nikainuka tena. Sikutaka kupiga kelele kabla ya kuwa na hakika, kwa hiyo nikamwomba tuiulize mashine kwa njia nyingine, maana mimi siamini shahidi mmoja. Kuna faili ambamo Linux huandika kila inachokijua kuhusu prosesa, na kuna amri ya kuchomoa humo mstari wa jina peke yake. Ni amri ndefu kidogo. Nikaanza kumsomea: grep, nafasi, kisha "model name" ndani ya alama za kunukuu, nafasi, halafu slash...

"Slash ni nini?"

"Ile alama ya mstari uliolala, tata, inayoegemea kulia."

"Huo ni mkwaju," akasema. "Una jina lake. Mkwaju."

Basi tukaandika: mkwaju, proc, mkwaju, cpuinfo. Hakukosea hata kidogo. Nimefundisha vijana wa ofisini wenye vyeti wakasahau nafasi, wakageuza mkwaju, wakafungua alama za kunukuu wasizifunge. Tata alizifunga. Nadhani asingeweza kulala akijua ameacha alama ya kunukuu wazi.

"Imenijibu mara mbili, maneno yaleyale."

"Ni kwa sababu ina viini viwili. Soma mmoja."

"Intel, mabano, R kubwa, funga mabano. Core, mabano, T kubwa M kubwa, funga mabano, mbili. Duo. CPU. E kubwa, saba, tano, sifuri, sifuri."

Nilisikiliza mabano yale yote kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani. Core 2 Duo, E7500. Naijua hiyo. Nimeifungua mara nyingi kwenye masanduku ya shule, nimeifuta vumbi, nimeipaka ile dawa nyeupe ya kupoza. Ni ya zamani, ndiyo, lakini ni ya biti 64 tangu ilipotoka kiwandani. Imekaa chini ya dirisha lile miaka yote ikiendeshwa kwa mfumo mdogo kuliko uwezo wake, kwa sababu mpwa wa tata siku ile alikuwa na diski moja tu mkononi na ndiyo aliyoiweka.

Nikamwambia. Mwalimu ni mwalimu, akataka ushahidi wa tatu.

Nikampa. Katika faili hilohilo kuna mstari mrefu wa vifupisho, kila kimoja ni jambo ambalo prosesa inaliweza. Akarudia amri ileile, safari hii kwa neno flags, nikamwambia atafute herufi mbili, l na m, zikiwa peke yake. Prosesa ya biti 32 haina herufi hizo.

Akaanza kuvisoma kimoja kimoja, hakutaka kuruka. "fpu. vme. de. pse. tsc. msr..." Alisoma kama anayeita majina ya darasa asubuhi, akisubiri kidogo baada ya kila kimoja. Mvua ilikuwa imepungua na nilimsikia vizuri. Mimi huwa navipita vifupisho vile bila kuvitazama, kazi yangu ya kila siku. Leo kwa mara ya kwanza nilivisikiliza vyote, na kwa kila kimoja nikajiuliza kinafanya nini, nikagundua vingi sivijui.

"sse. sse2. ss. ht. tm. pbe. nx." Akasita.

"lm," akasema.

Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sidhani ilikuwa yangu kuisikia, "Yupo."

Nikalia kidogo. Nasema wazi, sioni haya.

Aliuliza maswali baada ya hapo, mengi, ya haraka. Kwa nini mstari wa kwanza ulisema vile? Fundi alidanganya? Nikamwambia sidhani alidanganya, aliuuliza mfumo akadhani anaiuliza prosesa, na mfumo ukajibu habari zake wenyewe. Akauliza biti ni nini hasa. Nikaeleza, nikaharibu, nikaeleza tena. Akauliza kama kanda zilizokwisha kuhamishwa zitapotea tukiweka mfumo mpya. Swali zuri. Nikamwambia tutazinakili kwanza, na kwamba kwenye mkoba wangu nina flashi yenye mfumo wa biti 64 unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi yenyewe bila kugusa kilichomo ndani ya mashine. Tunaweza kujaribu tuone.

"Jaribu," akasema.

"Lazima ichomekwe kwenye sanduku, tata. Nyuma."

Sanduku lilikuwa dirishani.

Hapa ndipo woga wangu ulipo, na nitauandika ulivyo. Ningeweza kumwita Mama. Alikuwa jikoni, ningefungua mlango wa nyuma nikamwita, angekuja na mwiko mkononi, angeichukua flashi, angeichomeka, ingekwisha. Lilikuwa jambo la dakika. Tata ni mzee aliyevunjika nyonga, hajasimama kwa wiki kadhaa, misuli imelegea, sakafu ni ya saruji. Akianguka mbele ya pazia nisiloruhusiwa kulivuka, ningefanya nini? Evans ningemwambia nini?

Sikumwita. Nilisema tu, "Ninayo hapa mlangoni, tata."

Kitanda kikalia. Nikasikia chuma kikiburutwa sakafuni, kikasimama. Pumzi nzito. Chuma tena, na nyayo mbili baada yake, zikiburuta. Nilikaza macho kwenye ukuta wa sebule, picha ya harusi yetu, na nikajikuta nimeshika flashi kwa mikono miwili. Chuma, nyayo. Akasimama muda mrefu mpaka nikafungua mdomo kumwita Mama kwa nguvu zangu zote. Chuma tena.

Mkono ukatokea pembeni mwa pazia, kando ya bega langu. Umekonda, una mshipa mmoja mkubwa, na kiganja kimefunguliwa.

Nikaweka flashi juu yake, bila kugusa kidole.

"Ni kadogo hivi?"

"Ndiyo, tata. Kuna tundu la mstatili nyuma ya sanduku. Ikikataa, igeuze."

Mkono ukarudi ndani. Chuma kikaanza upya, sasa kikielekea dirishani, ambako ni mbali zaidi.

Mlango wa nyuma ukafunguka na Mama akaingia na sufuria, mvua mabegani. Akasimama palepale mlangoni. Akanitazama mimi, kitini, mikono mitupu. Chuma kikaburutwa tena humo ndani.

"Nani anatembea?" akauliza.



"Ni mimi," tata akasema. "Usinishike. Bado sijafika."